Mzio Katika Nyumba Zetu (4): Usimtupe Mbwa kwa Sababu ya Chafya

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wiki hii redio na magazeti yanatuhimiza tupeleke mbwa wetu kwenye chanjo. Wito huo ni mwema, lakini umeacha jambo moja, na kwa ajili yake nimeahirisha mada ya vumbi la kitandani: mbwa wanaofukuzwa nyumbani kwa sababu kuna mtu anapiga chafya.

Huku Ubungo, kuanzia Kimara hadi Kibamba, mwenye ukuta hutaka mlinzi. Mbwa huletwa angali mdogo, akalala kwenye kochi, watoto wakambeba mchana kutwa. Miezi michache baadaye mtoto mmoja anaamka macho mekundu, pua inachuruzika. Jioni mbwa anapakiwa kwenye bajaji, anashushwa kando ya barabara asiyoijua, na kuanzia hapo ni mbwa koko kama wengine.

Namna kinga ya mwili inavyomdhania adui asiyekuwapo tumekwisha kuiona katika sehemu zilizotangulia, sitairudia. Leo nataka tulikumbuke deni letu kwa mnyama huyu.

Septemba 28 ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, miaka kumi baada ya kumchanja kijana aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Kutokana na kazi yake wataalamu waliamini kwamba mwili uliokwisha kuonja sumu kidogo hupata nguvu dhidi yake. Mwaka 1901 Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco na mpenzi mkubwa wa elimu ya bahari, aliwachukua katika meli yake Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, wachunguze sumu ya kiumbe aeleaye baharini ambaye minyiri yake huwaunguza waogeleaji. Waliporudi Ufaransa hawakumpata kiumbe huyo, wakatumia sumu ya anemoni wa baharini. Walitafuta kiasi kinachoua mbwa. Mbwa aliyenusurika aliachwa apone kabisa, kisha akajaribiwa tena.

Mmoja wa mbwa hao aliitwa Neptune, mbwa mkubwa mwenye afya tele. Dozi ya kwanza haikumdhuru. Baada ya siku 22, mwaka 1902, alipewa kiasi kilekile. Sekunde chache tu akaanza kuhema kwa shida, akashindwa kujikokota, akalala ubavu, akatapika damu. Dakika 25 baadaye alikuwa amekufa. Kumbe kinga inayomlinda mwenyewe yaweza pia kumgeukia! Kwa ugunduzi huo Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Daktari anayemwokoa leo mtu aliyeumwa na nyuki akavimba mwili mzima anafaidika na kifo kile. Elimu ya mzio tumeipata kwa uhai wa mbwa, nasi tunamlipa mbwa kwa kumtupa barabarani. Huo ni utovu wa shukrani.

Ni hatari pia. Ili kichaa cha mbwa kikome, wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa. Mbwa aliyetupwa hana wa kumshika siku ya chanjo, na huzaa wengine kama yeye. Anayedhani amemwepusha mwanawe na chafya amewaongezea watoto wa mtaa mzima hatari ya ugonjwa ambao, dalili zikishajitokeza, karibu daima huua.

Nini kifanyike? Kwanza hakikisha, kwa kipimo cha ngozi au cha damu, kwamba kisa ni mbwa. Mende, kuvu na vumbi la godoro huleta dalili zilezile. Ikithibitika, fahamu kwamba kinachosumbua ni protini zilizo katika mate na magamba ya ngozi ya mbwa, si urefu wa manyoya yake, kwa hiyo usimsadiki muuzaji anayedai ana mbwa asiyeleta mzio. Mbwa alale uani, kwenye banda lisilovuja, kama desturi yetu ilivyo tangu zamani, wala asiingie chumbani. Asiye na mzio ndiye amwogeshe, mara mbili kwa wiki, maana protini hizo hurudi baada ya siku chache. Ndani, piga deki badala ya kufagia vumbi kavu kwa chelewa, na zulia liondolewe. Dawa za mzio apange daktari, hasa kwa mwenye pumu.

Na daktari akisema mbwa aondoke, aondoke. Afya ya mtoto haina mjadala. Lakini mtafutie mwenyeji mwingine, umkabidhi mkononi pamoja na cheti chake cha chanjo. Aliyemfungulia mnyama geti lake amechukua dhamana, na dhamana haitupwi barabarani ili majirani waibebe.

Itaendelea.