Usidanganywe na simu, jua umbali unaokimbia

Umepanga kushiriki mbio za kilomita 10, na kila jioni simu inakuonyesha umetimiza hatua 10,000. Unajiona uko fiti. Lakini je, hizo hatua ni kilomita ngapi?

Simu ikihesabu hatua, haipimi barabara. Inahesabu mitikisiko, kisha inakisia urefu wa hatua yako. Hata boda boda ikikurusha kwenye mashimo, inaweza kukuongezea hatua za bure!

Fanya hivi. Nenda kwenye uwanja wa riadha wa kawaida. Mzunguko mmoja kwenye leni ya ndani kabisa ni mita 400. Tembea ukihesabu hatua, kisha ugawe 400 kwa idadi uliyopata.

Ukipata hatua 500, kila hatua yako ni sentimita 80, na hatua 10,000 ni kilomita 8. Rafiki yako mfupi akipata 625, hatua yake ni sentimita 64. Zake 10,000 ni kilomita 6.4 tu. Mko na namba moja kwenye simu, ila umbali si mmoja. Ukianza kukimbia, pima upya, maana hatua hubadilika.

Na hiyo 10,000 isikutishe. Ilivuma Japani mwaka wa 1965 kupitia kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa huko. Si agizo la daktari.

Kwa hivyo, anza na umbali unaoujua, kisha uongeze mdogo mdogo. Siku ya mbio ukilemewa kilomita ya sita, simu haitakubeba.