Watoto Wawili, Gramu 300 na Kompyuta

Tuwachukulie watoto wawili waliopimwa kliniki, mmoja Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, mwingine juu milimani Mbinga. Wa kwanza alikuwa na kilo 8.1, na mwezi uliofuata akafikisha 8.4. Wa pili alitoka 8.3 hadi 8.6. Mama yeyote mwenye kadi mkononi ataona kwamba wote wameongezeka gramu 300. Lakini programu iliyoandikwa bila uangalifu, ikiulizwa ni nani aliyefikisha nyongeza ya kilo 0.3, itamkubali wa kwanza na kumkataa wa pili. Ndani ya kompyuta, nyongeza ya wa kwanza ni 0.3000000000000007, na ya wa pili ni 0.29999999999999893. Ikiulizwa ni nani aliye sawa kabisa na 0.3, itawakataa wote wawili.

Chanzo ni namna namba zinavyohifadhiwa. Sisi tunaohesabu kwa kumi hatuwezi kuiandika theluthi moja ikaisha: 0.333 huendelea daima. Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 pekee, na humo sehemu moja ya kumi nayo haina mwisho; hukatwa, kikabaki kilicho karibu nayo. Nusu na robo huhifadhiwa kamili. Kwa hiyo sentimita 11.5, mpaka wa utapiamlo mkali katika utepe wa mkono, haileti shida, na mtu aliyeijaribu programu kwa namba hiyo pekee ataisifu bure.

Dawa iliyo nyepesi ni kuhifadhi gramu kamili: 8600 kutoa 8300 ni 300, basi. Wakunga wamezoea hivyo, maana mpaka wa uzito pungufu wa mtoto mchanga ni gramu 2500. Pale ambapo desimali haziepukiki, kama katika kutafuta wastani, programu isiulize kama namba mbili ni sawa, bali kama tofauti yake ni ndogo kuliko kiasi fulani. Kiasi hicho akipange mtaalamu wa kompyuta pamoja na muuguzi. Gramu moja yatosha kufuta vumbi la kompyuta. Gramu 100, ambayo ni hatua moja ya mizani ya kuning'iniza, ingeficha mtoto anayepungua kweli.

Mama akiona skrini inapingana na kadi, aombe hesabu irudiwe kwa kalamu. Muuguzi naye ampelekee mtunza programu uzito wote wawili kama ulivyosomwa, kwa kuwa skrini nyingi huonyesha 0.3 tu na kosa lisionekane.