Kutoka SOMA hadi KAZI kwa Hatua Nne

Chukua karatasi. Juu andika SOMA, chini andika KAZI. Sasa toka neno la juu ufike la chini kwa kubadili herufi moja tu kila hatua. Kila unachoandika katikati lazima kiwe neno halali la Kiswahili. Hakuna kuongeza herufi, hakuna kupunguza, wala kubadili mpangilio. Jibu ni hili:

SOMA – KOMA – KAMA – KAZA – KAZI

Hatua nne tu. Mtaani tunajua safari hiyo ina hatua nyingi zaidi, lakini hayo tuwaachie wahitimu watusimulie wenyewe.

Mchezo huu ni ngazi ya maneno. Kila neno la katikati ni kidato. Si kidato cha sekondari, ni kile cha asili: pengo analochonga mkwezi kwenye mnazi apate pa kukanyaga. Kidato kikiwa mbali mno, mguu haufiki. Hapa umbali unaoruhusiwa ni herufi moja.

Aliyeubuni ni mwalimu wa hisabati wa Oxford, Uingereza, Charles Dodgson, ambaye dunia inamfahamu zaidi kwa jina la Lewis Carroll. Ndiye mwandishi wa kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kama Elisi katika Nchi ya Ajabu. Siku ya Krismasi 1877 aliwatungia mchezo huu wasichana wawili waliokuwa hawana la kufanya, na mwaka 1879 ukaanza kuchapishwa katika jarida la Vanity Fair la London. Mfano wake maarufu unatoka kichwani hadi mkiani: HEAD, HEAL, TEAL, TELL, TALL, TAIL.

Sasa swali la msingi: kwa nini mchezo wa Waingereza unakubali vizuri hivi kwa Kiswahili? Siri ipo kwenye umbo la maneno yetu. Maneno yetu mengi ya asili hupokezana konsonanti na irabu, na huishia na irabu: so-ma, ka-zi, pe-sa. Kwa hiyo maneno ya herufi nne yanafanana umbo na yanakaa karibu karibu kama vitanda vya hosteli. Chukua PAKA. Badili herufi ya kwanza peke yake na tayari una DAKA, KAKA, SAKA, TAKA, WAKA na ZAKA. Bado hujagusa nyingine tatu.

Lakini umbo hilohilo ndilo linalokubana. Mahali pa irabu panataka irabu, na irabu zetu ni tano tu. Ndiyo maana ukijaribu kutoka MBWA kwenda PAKA utakuna kichwa. MBWA ina konsonanti tatu mfululizo; PAKA inapokezana. Unaweza kugeuza W kuwa E ukapata MBEA, lakini kutoka kwa mbea kwenda mbele ni shughuli. Ni kama vijiji viwili vyenye mto katikati.

Daraja lipo, nalo ni M na N. Hizi ni konsonanti, ila katika Kiswahili zinaweza kusimama zenyewe kama silabi: m-tu, n-ta. Kwa kuwa zinafanya kazi ya pande zote mbili, zinakuvusha kutoka umbo moja kwenda jingine. Tazama safari ya kutoka TAA hadi ONA:

TAA – TIA – NIA – NTA – OTA – ONA

TAA inaanza na konsonanti moja na irabu mbili; ONA ina irabu pembeni na konsonanti katikati. Ukitazama haraka utasema haiwezekani. NTA, ile ya nyuki, ndiyo iliyobeba mzigo wote: upande mmoja inapakana na NIA, upande wa pili na OTA.

Wenzetu wa sayansi ya kompyuta wameshaanza kutabasamu, maana hapa tunazungumzia grafu: kila neno ni nukta, na maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja yanaunganishwa kwa mstari. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alichukua maneno 5,757 ya Kiingereza yenye herufi tano akachora uhusiano wake. Maneno 671 yalibaki bila jirani hata mmoja. Kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili ingefaa sana kuwa mradi wa mwaka wa mwisho, kwa anayetafuta mada.

Kuna jambo moja zito ndani ya mchezo huu. Maneno yakikaa karibu hivi, ukikosea herufi moja hauandiki upuuzi. Unaandika neno jingine kamili. KURA na KULA ni hatua moja. MAHALI na MAHARI ni hatua moja. Wengi wetu tunachanganya L na R kwa sababu ya lugha za nyumbani, na hilo si dhambi katika mazungumzo. Lakini bango la mgombea likisema "nipeni kula zenu", programu ya kawaida ya kukagua tahajia italipitisha bila kelele, kwa sababu inaangalia kama neno lipo, haiulizi kama ndilo ulilokusudia. Hapo hakuna mlinzi isipokuwa jicho lako. Mtu aliyezoea kupanda ngazi hizi huanza kuliona neno herufi kwa herufi, na hilo litamsaidia kwenye bango, kwenye barua ya maombi ya kazi na kwenye tasnifu.

Ukitaka kucheza, kubalianeni kwanza kanuni mbili. Moja, neno liwemo kwenye kamusi. Vinginevyo mtu atakuletea NINA, SINA na TUNA mpaka kesho. Mbili, amueni kama mnahesabu herufi au sauti. Mkihesabu sauti, PIKA kwenda SHIKA ni hatua moja, kwa sababu SH ni sauti moja. Mkihesabu herufi, haiwezekani.

Kisha hesabu herufi zinazotofautiana mahali pake. SOMA na KAZI hazilingani hata moja, kwa hiyo huwezi kufika kwa chini ya hatua nne. Halafu panda kutoka juu na ushuke kutoka chini kwa wakati mmoja, mkutane katikati. Ukikwama, zunguka: wakati mwingine lazima ubadili herufi iliyokuwa sahihi, upite, kisha uirudishe.

Mfano wa kuzunguka ni safari inayomhusu kila anayesubiri bumu, kutoka DENI hadi PESA. Ile E ilikuwa mahali pake tangu mwanzo, lakini tumelazimika kuitoa na kuirudisha:

DENI – DINI – LINI – LINA – LITA – PITA – PETA – PESA

Ni hatua saba. Ukipata njia fupi zaidi, ilete ofisi ya jarida tuichape. Na wakati unapanga foleni ya chakula, jaribu hii: toka BATA ufike KUKU. Inawezekana kwa hatua nne.