Mafuta Yavujayo Chini ya Usukani

Asubuhi moja tulikuta doa jekundu chini ya motokari yetu, upana wake kama sahani. Tuliongeza mafuta, tukaondoka. Uzembe huo ulitutia hasara ya miezi mingi, na kwa sababu hiyo twapenda kuongea leo nanyi, wasomaji wapenzi, hasa ninyi mnaotunza motokari za zamani ambazo ndizo zilishazo jamaa zenu.

Motokari yetu ni Land Cruiser ya safu ya 60, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1980. Usukani wake huingia katika kisanduku kizito cha chuma. Ndani mna parafujo kubwa, na juu yake hupanda na kushuka kipande chenye meno, kikitelezea juu ya gololi. Meno hayo huuzungusha mhimili mnene utokezao chini ya kisanduku, nao huvuta mkono wa chuma ugeuzao magurudumu. Zamani nguvu yote ilitoka mabegani mwa dereva. Katika miaka ya 1920 mhandisi Mmarekani, Francis Davis, alionyesha jinsi mafuta yasukumwayo na pampu yawezavyo kumsaidia. Kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza motokari za namna hiyo mwaka 1951. Basi pale mhimili utokapo nje hapana kitu kizuiacho mafuta hayo ila pete ya mpira, ambayo mafundi wetu huiita jointi.

Fundi wa kwanza alitazama chini, akaona mafuta, akabadili jointi. Baada ya majuma matatu doa likarudi. Akabadili tena, likarudi tena. Wakati huo kijana aliyetusaidia kazi aliona chombo cha mafuta ya usukani kimepungua, naye akakijaza mafuta ya freni, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo karibu. Hatumlaumu, maana hakuna aliyemwambia. Lakini mafuta ya freni na mafuta mekundu ya usukani hayana undugu hata kidogo: yale ya freni huvimbisha na kulegeza mpira usiotengenezwa kwa ajili yake. Na kinyume chake ni hatari zaidi, kwani mafuta mekundu yakiingia katika freni huharibu mipira yake, na freni zaweza kukosekana kabisa.

Pampu ikaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje. Siku chache baadaye tulikuwa tukiteremka mlima wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, tumejaa watu na magunia. Wanaoijua njia ile wajua kona zake. Katika mojawapo usukani ukawa mzito ghafula. Yafaa kujua kwamba msaada wa mafuta ukikosekana usukani haukatiki. Chuma bado hugeuza magurudumu. Lakini dereva asiyetazamia uzito huo huchelewa, na pale hapana nafasi ya kuchelewa. Jirani yetu wa kiti cha mbele alishika pamoja nasi, tukaivuka kona. Mama mmoja nyuma alishuka papo hapo, akasema atakwenda kwa miguu. Alikuwa na haki.

Fundi wa tatu, mzee, hakugusa ufunguo wowote siku ya kwanza. Aliosha kisanduku chote kwa maji ya moto na sabuni, akakikausha, akakipaka unga wa chaki. Kisha injini ikiunguruma polepole, mmoja wetu alizungusha usukani huku yeye akitazama kwa taa. Maana mafuta hutiririka: yaonekanayo chini huenda yametoka juu, kwenye kifuniko, kwenye mipira ya pampu au kwenye jointi ya pale usukani uingiapo. Safari hii yalitoka chini kweli.

Alitia alama kwenye mkono wa chuma na kwenye mhimili ili virudi mahali pake, akauvuta mkono kwa chombo chake maalum. Hakuupiga nyundo, maana mshindo huo huumiza gololi ndani. Akang'oa jointi, akapitisha ukucha juu ya mhimili. «Njooni mguse.» Palikuwa na mfereji mwembamba, uliochimbwa na mchanga na kutu baada ya kifuniko cha vumbi kupasuka. Midomo ya jointi mbili mpya ilikuwa imekaa juu ya mfereji ule ule! Kisha akautikisa mhimili huku na huku, kupima kama rulema zake zimelegea, kwani mhimili uchezao hula jointi yoyote. Zetu zilikuwa nzima.

Aliusugua mhimili kwa msasa laini sana, akafunika meno yake kwa utepe ili yasiukate mpira, akapaka mafuta, akaitia jointi mpya upande wenye kamba ya chuma ukielekea ndani. Lakini hakuisukuma hata mwisho: aliiacha nje kidogo, kiasi cha milimeta mbili, mdomo wake ukae mahali palipo laini. Mfereji ungalikuwa mpana, angaliuvika mhimili bomba jembamba la chuma, au angaliubadili. Skrubu iliyo juu ya kisanduku hakuigusa. Wako wanaoikaza wakidhani watazuia uvujaji. Hawazuii kitu, bali hula meno, na usukani hukataa kurudi katikati.

Mafuta ya zamani yalimwagwa yote, na jointi na mipira iliyokwisha kulegea ikabadilishwa. Tulitia mafuta mekundu ya Dexron, tukainua magurudumu ya mbele kwa kriki na kuyakalisha juu ya magogo imara. Injini ikiwa imezimwa tulizungusha usukani polepole toka upande huu hata upande ule, mara nyingi, tukiongeza mafuta, mpaka mapovu yakaisha. Hapo tu ndipo tulipowasha. Naye mzee aliukaza upya msumari wa ule mkono wa chuma mbele ya macho yetu, kwa kipimo cha kitabu cha motokari.

Kazi yote ilitugharimu kuliko jointi kumi. Sasa kila usiku twatandika kadibodi safi chini ya motokari. Juzi tulikuta tone moja. Lilikuwa jeusi: mafuta ya injini. Mzee amekwisha kuitwa.