Simu Inayojipanga Yenyewe Inapokwama (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliiacha simu mpya mezani, imechomekwa kebo moja tu, nami nikaahidi kwamba ingejipanga yenyewe: ingepata jina la karani, nambari yake ya ndani na saa sahihi bila mtu kuigusa. Nilipoandika hivyo nilijua nitaulizwa mbona ya fulani haikujipanga. Basi leo nina kisa.

Ni afisi ya ushirika wa wakulima upande wa Saboti. Simu kumi na mbili ziliwekwa Ijumaa, zote zikaamka vizuri. Jumatatu asubuhi nne zilikuwa zimeduwaa. Kioo kinasema zinatafuta maagizo, kisha zinajizima, zinawaka tena, zinatafuta tena, kutwa nzima. Mama wa mapokezi akanitazama juu ya miwani: "Fundi, hizi nne si ulituletea mtumba?" Nikacheka kwa adabu, lakini maneno yalinichoma, kwa kuwa ndiyo ninayoambiwa kila ninapoitwa. Simu ikikwama, anayeshukiwa ni simu. Kwa uzoefu wangu, katika afisi nzima hakuna kitu kinachosingiziwa kama simu.

Shaka hiyo tumeirithi. Enzi za Posta na Simu, kabla shirika lile halijagawanywa mwaka 1999, simu ya mezani haikujua lolote. Waya ndio uliojua. Nyaya mbili zilitoka kituo cha simu cha Kitale zikaingia afisini kwako, na nambari yako ilikaa kule kituoni. Ungeng'oa chombo ukachomeka kingine, nambari ingebaki ile ile. Hata umeme wake ulitoka huko, ndiyo maana simu iliendelea kulia stima ikiwa imepotea mji mzima. Kama haikulia, ama chombo kimekufa ama waya umekatika. Mara nyingi hapakuwa na la tatu.

Simu ya intaneti ni kinyume chake. Waya haujui kitu, na simu nayo inatoka kwenye boksi haijui ni ya nani. Inaingia kwenye mtandao kama mgeni aliyeshuka stendi ya Kitale usiku na begi lake: lazima aulize. Na anayeuliza njia stendi hajibiwi na anayejua, hujibiwa na makanga aliye karibu. Mgeni wa Saboti anaweza kujikuta ndani ya matatu ya Bungoma, ameshapita Kiminini, ndipo ashtuke.

Hilo ndilo lililozikuta simu zetu nne. Simu ikiwaka hupiga kelele mtandao mzima: nani atanipa anwani? Utaratibu huo unaitwa DHCP, ulitolewa mwaka 1993 na ukaandikwa upya 1997. Kila kifaa kilichomo kwenye mtandao huo husikia kelele, na chochote chenye kazi ya kugawa anwani hujibu. Ndani ya jibu, pamoja na anwani, kuna vijisanduku vyenye nambari. Sanduku la 66 ndilo linaloiambia simu seva ya maagizo iko wapi. Simu nyingi za Cisco hupenda la 150, na nyingine hutazama la 43. Kwa kawaida simu hushika jibu lililofika kwanza. Haiulizi mara mbili, haina namna ya kujua kwamba aliyejibu si mwenyeji.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kitu chochote niliingia kwenye menyu ya simu nzima nikasoma anwani yake: 10.20.0.31. Nikasoma ya simu iliyokwama: 192.168.1.104. Nikaweka bisibisi mfukoni. Katika afisi ile hakuna aliyepanga anwani za 192.168, palikuwa na makanga chumbani.

Kumtafuta kulichukua karibu saa nzima, maana swichi ilikuwa kabatini na hakuna tundu lililoandikwa jina. Nilichomoa kebo moja moja huku kijana wa hesabu akiniitia kutoka chumba cha pili kila simu ilipobadilika. Tulimkuta kwenye meza ya afisa wa mikopo, nyuma ya rundo la faili, amefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani: rauta ndogo ya WiFi. Afisa mwenyewe aliileta Jumamosi na kuichomeka ukutani ili simu yake ya mkononi ipate intaneti. Hakukosea kutaka WiFi. Lakini rauta ya nyumbani ikichomekwa hivyo, kwa tundu la upande wa ndani, inaanza kugawa anwani kwa kila anayeuliza, na katika sanduku la 66 haina neno. Tulizima ugawaji wake, tukaziwasha upya zile nne, na kabla chai haijapoa zilikuwa na majina. Kompyuta mbili za jirani zilizokuwa zikilalamikiwa tangu asubuhi nazo zikapona, na hakuna aliyekuwa amefikiri kuziunganisha na kisa hiki. Swichi za kisasa zina kinga inayokubali majibu ya aina hiyo kutoka tundu moja tu ulilolichagua. Iwasheni.

Anwani ikiwa sahihi na simu bado inaduwaa, geukia sanduku la 66 lenyewe. Rauta nyingi zinazoletwa na kampuni za intaneti hazina mahali pa kulijaza; utatafuta mpaka jioni. Hapo ni heri ugawaji wa anwani uhamishiwe kwenye mtambo wa simu au rauta nyingine. Mafundi wengi wanaipenda MikroTik, nami pia, ila ina mtego wake. Ukiandika anwani ya seva ndani ya alama za nukuu peke yake, inabadilishwa kuwa baiti nne, wakati simu ilikuwa ikingoja maandishi. Inabidi utangulize herufi s kabla ya nukuu. Herufi moja! Siku ya kwanza iliponipata nililala saa nane.

Sasa simu imefika kwenye seva. Inaomba faili yake, na faili huitwa kwa nambari ya maunzi ya simu, ile ya tarakimu na herufi kumi na mbili iliyobandikwa mgongoni. Yealink huomba nambari hiyo ikifuatwa na .cfg, Grandstream hutanguliza cfg na kumalizia na .xml. Hapa makosa ni ya macho: 8 inasomwa B, D inasomwa sifuri. Kumbuka herufi zinazotumika ni A hadi F peke yake, kwa hiyo unachokiona kama O ni sifuri daima. Na seva zenye Linux, ambazo ndizo zinazobeba mitambo mingi ya simu ya Asterisk, hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Faili ipo, jina ni lile lile kwa macho yako, na seva inaapa haipo. Usibishane na simu. Fungua kumbukumbu za seva usome imeombwa faili gani hasa, neno kwa neno.

Kosa la mwisho ni la kwetu kabisa, la stima kupotea. Umeme ukirudi, simu huwaka kwa dakika moja au mbili, kompyuta inayobeba seva bado inajikongoja. Nyingi kati ya zile zilizopangwa zamani hukumbuka maagizo yao. Mpya hukata tamaa na kukaa. Dawa ni betri ya akiba kwa rauta, swichi na seva, kabla hata ya kuwafikiria wengine. Lakini kuna simu zisizo na betri ya saa: umeme ukikatika zinaamka zikiamini ni Januari 1970. Kama seva yenu inatoa faili kwa HTTPS, simu inatazama cheti chake, inaona kimetolewa miaka hamsini na kitu mbele, inakikataa. Wewe unaona tu kwamba haijapangika. Ipatie saa kwanza, kupitia sanduku la 42, na kwa zile zinazohesabu tofauti ya saa kwa sekunde, Kenya ni 10800.

Mtu ataniambia: tumia TFTP badala ya HTTPS basi, haina vyeti wala matatizo. Ni kweli, na ni rahisi. Ni utaratibu wa mwaka 1981 na hauulizi nenosiri. Ndiyo shida yake. Faili ile ina nenosiri la laini yako kwa maandishi ya wazi, na yeyote anayeweza kukisia jina la faili ataichukua, kisha apige simu za ng'ambo usiku kucha kwa bili yenu. Ndani ya mtandao uliofungwa nakubali. Ikitokea kwenye intaneti, hapana.

Wasomaji wawili wa Bungoma wameuliza kwa nini simu zao zimejipanga vizuri, zinapiga, lakini sauti inasikika upande mmoja tu. Hilo ni la wiki ijayo. Hadi hapo naomba kila mmoja aingie kwenye menyu ya simu yake, aandike kwenye karatasi anwani anayoiona pamoja na ya rauta, na aiweke karatasi hiyo karibu. Na ukiona kifaa nyuma ya faili kimefunikwa kitambaa, uliza ni cha nani kabla ya kukichomoa.