Msimamizi Kijana na Wazee Walio Chini Yake

Katika vyama vingi vya ushirika vya kahawa katika Kenya, mkuu wa kiwanda huweza kuwa kijana mwenye cheti, na wale wanaomenya, kuosha na kuanika kahawa wakawa watu wa umri wa baba yake na mama yake. Njiani humwita "mwanangu"; wakiisha kuingia langoni humngoja awaambie la kufanya. Hali hii ina matata yake, na kijana asiyeyatambua mapema atayatambua wakati wa mavuno makubwa, Oktoba mpaka Desemba, ambao si wakati mzuri wa kujifunza.

Kazi yenyewe haimngoji mtu. Matunda yaliyochumwa leo sharti yamenywe leo; yakilala huanza kuchacha, na ladha ya kahawa huharibika. Yakiisha kumenywa, kahawa hutiwa katika matangi mpaka utelezi wake ulegee, jambo linalochukua saa 12 au zaidi, na mahali penye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Ikiachwa kupita kiasi, harufu mbaya huingia, wala hakuna maji yatakayoiondoa. Nayo kilo moja ya kahawa safi hutoka katika kilo 6 au 7 za matunda. Basi tangi moja lililosahauliwa usiku ni jasho la nyumba nyingi.

Ikiwa mzee wa zamu amesinzia na tangi limechelewa kuoshwa, kijana ataijua habari hiyo asubuhi, wakulima wakiwa wamekwisha kupanga mstari kwenye mizani. Hasira humpanda, naye hupaza sauti mbele ya watu wote. Asemayo ni kweli tupu. Lakini mzee ameaibishwa mbele ya majirani na wakwe zake, na tangu siku ile atatenda alilotumwa wala hatazidisha. Akiona bomba linavuja atanyamaza. Hasara ya kunyamaza huko haiandikwi katika daftari lolote, nayo hupita ile ya tangi.

Yafaa kwanza kahawa iokolewe, kisha mzee aitwe kando, nyuma ya ghala, aulizwe kwa adabu: "Mzee, tangi la pili lilichelewa jana. Kulitokea nini?" Baada ya hapo kijana anyamaze asikilize, na hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtu aliyetoka shuleni karibuni. Huenda akasikia kwamba mzee yule amekesha siku tatu mfululizo, kwa sababu wenye zamu za mchana ni rafiki zake karani. Hapo kosa halikuanza kwenye tangi. Na ikiwa ni uzembe mtupu, uzembe huo utajwe kwa jina lake, huko huko nyuma ya ghala.

Wako vijana wengine ambao, kwa kuona haya, hawamwambii mzee neno lolote. Hutabasamu naye mchana kutwa na jioni wakamwandikia mashtaka kwa halmashauri. Hilo ni baya kuliko makelele, maana mzee hulijua kosa lake siku ya kupokea barua. Sheria nayo hairuhusu mambo hayo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chaagiza kwamba kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi mbovu au kwa kutojiweza kimwili, aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mjumbe wa chama cha wafanyakazi, amchaguaye mwenyewe.

Jambo la pili ni upendeleo. Kiwanda cha ushirika ki katikati ya kijiji, na kijana ana shangazi na binamu katika kila mstari. Shangazi akileta kikapu chenye matunda mabichi yaliyochanganyika na mekundu, watu wote hugeuka kutazama. Aambiwe, "Shangazi, karibu pale kwenye turubai uyachague kwanza," kama alivyoambiwa mgeni aliyemtangulia. Atanuna, pengine mpaka Krismasi. Lakini kijana akimpitisha, hataweza tena kumrudisha mtu mwingine yeyote, na mizani yote itatiliwa shaka.

Zamu nazo ziandikwe na kubandikwa ukutani, za usiku zikimzungukia kila mmoja, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba isiguswe. Mjumbe wa halmashauri akija kuwaamuru wafanyakazi waache kuanika wakambebee magunia yake, kijana asibishane naye pale; amwendee mwenyekiti siku ile ile, amweleze kwa utulivu ni nani awezaye kuwatuma watu hao.

Iliyobaki ni kazi ya mikono. Kahawa huanikwa juu ya meza mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 hivi, nayo hupinduliwa mara nyingi kila siku. Wingu likitanda ghafla, meza zote zapasa kufunikwa kwa dakika chache. Mkuu wa kiwanda ashike ncha moja ya karatasi ya nailoni na mama mzee ashike ya pili. Daftari linaweza kungoja mpaka mvua ipite.