Kiu ya Pombe Humrudia Aliyeiacha

Wengi wetu hudhani ya kuwa mlevi akiisha kuahidi kuacha pombe, vita vimekwisha. Sivyo, ndiyo kwanza vinaanza.

Tutazame maisha ya Matt Talbot, kibarua wa mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi. Alizaliwa mwaka 1856. Alipokuwa na miaka 12 aliajiriwa katika nyumba ya biashara ya vileo, naye akaanza kunywa. Tangu hapo mshahara wake uliishia kwa wauza pombe. Mwaka 1884 alimwendea padri akaahidi kutokunywa kwa miezi mitatu. Miezi mitatu tu! Twaona busara hapo, kwani aliyechoka hawezi kuinua mzigo wa maisha mazima kwa siku moja. Ilipokwisha akaongeza muda, halafu maisha yote.

Lakini jioni, saa ile aliyozoea kunywa, kiu ilimshika kwa nguvu. Basi akitoka kazini aliingia kanisani badala ya kukaa na wenzake. Tena aliacha kutembea na fedha mfukoni. Alifariki njiani akienda Misa, mwaka 1925, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Kumbe alifanya yale ambayo madaktari hushauri leo. Ubongo wa mlevi hukumbuka: harufu ya kasiksi, sauti ya rafiki, siku ya mshahara, yote huamsha kiu. Kiu hiyo hupanda kama wimbi la ziwa, kisha hushuka yenyewe, mara nyingi kabla ya nusu saa kupita. Kwa hiyo mtu aondoke mahali pale, anywe maji, azungumze na mwenziwe, asali, akingoja ishuke. Njaa, hasira, upweke na uchovu huiongeza. Mke anayeweka chakula tayari jioni amsaidia mumewe kuliko anayemgombeza.

Na wale jamaa wasemao matangani, “Kikombe kimoja tu, ndugu!” hao twawaomba wanyamaze.

Neno moja zaidi. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafula, aweza kutetemeka, kuona yasiyopo, kushikwa na kifafa, hata kufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza, siku ile ile anayoamua kuacha.